Mbele ya pakiti nani anaongea? Alama za onyo kwenye vyakula vya viwandani

Huu ni mfululizo wa hoja zinazorudi kila msimu wa siasa. Sheria ya hapa ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi mbele ya kikundi cha vijana na akina mama hapa Ndalu. Nimeondoa salamu ndefu, na maswali yaliyoulizwa nimeyaingiza mahali pake. Ni uzi mrefu, soma polepole.

Wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu, hamjambo.

Mimi nasoma sayansi ya siasa. Si daktari, wala si mtaalamu wa lishe, kwa hivyo sitawaambia mle nini jioni ya leo. Nimekuja na jambo moja ambalo mtalisikia redioni, mikutanoni na hata matangani, kila mtu akilivuta upande wake. Je, sheria iwalazimishe watengenezaji wa vyakula vya pakiti kuweka alama kubwa ya onyo mbele ya pakiti, inayosema chakula hiki kina sukari nyingi, au chumvi nyingi, au mafuta mengi?

Kwa sasa hapa Kenya alama hiyo si lazima. Wizara ya Afya imeandaa kielelezo cha viwango vya virutubishi, yaani kipimo cha kusema ni wapi "nyingi" inaanzia, lakini kipimo peke yake hakiweki alama kwenye biskuti. Kinachoweka alama ni kanuni yenye nguvu ya sheria. Na kanuni ni siasa. Ndiyo maana niko hapa.

Tuanze na pakiti yenyewe

Chukua pakiti yoyote dukani. Igeuze nyuma. Utakuta orodha ya viungo na jedwali dogo la namba, maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, mara nyingi kwa Kiingereza. Sukari imeandikwa hapo. Sodiamu imeandikwa hapo. Mtengenezaji akiulizwa atasema, "Mbona nimeandika? Ni wewe hukusoma." Na kweli ameandika.

Sasa igeuze mbele. Mbele kuna picha ya tunda, mtoto anacheka, na maneno makubwa: "Ina vitamini", "Nguvu ya siku nzima", "Ladha asili". Hayo yameandikwa kwa herufi ambazo hata mtu asiye na miwani anaziona akiwa upande wa pili wa kaunta.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo, na mkisahau mengine msisahau hii. Mbele ya pakiti tayari kuna mtu anaongea na wewe, naye ni muuzaji. Anakuambia mazuri tu, kwa sauti kubwa. Yale mengine amekuwekea nyuma kwa mnong'ono. Mjadala wa alama za onyo ni mjadala wa kama mnunuzi naye apewe neno moja pale mbele. Hakuna pakiti inayoondolewa dukani.

Hesabu kidogo, msikimbie

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo haifiki kijiko cha chai kilichojaa, na ni chumvi yote: ya ugali wa nani sijui na mboga ya nani, yote pamoja. Kwa sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, linashauri isifike asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na linasema ikishuka hadi gramu 25 ni afadhali zaidi.

Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Soda ya kola ya kawaida ina zaidi kidogo ya gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 basi ina zaidi ya gramu 50, yaani vijiko 13 hivi. Chupa moja, na siku yako imeisha. Na bado hujanywa chai ya saa kumi.

Chumvi ni ngumu zaidi, kwa sababu nyuma ya pakiti mara nyingi hawaandiki "chumvi", wanaandika "sodiamu". Ukitaka kujua chumvi, zidisha sodiamu mara mbili na nusu. Ukikuta miligramu 1,000 za sodiamu, hiyo ni gramu 2.5 za chumvi, nusu ya kiwango cha siku nzima. Halafu angalia kama hiyo namba ni ya pakiti nzima au ni ya gramu 30 tu. Mara nyingi ni ya kipande kidogo ambacho hakuna mtu humu ndani anayekula kidogo hivyo.

Niambieni, ni nani kati yetu anasimama dukani na mtoto mgongoni, bodaboda inangoja nje, anapiga hiyo hesabu? Hata mimi ninayewahubiria siipigi kila siku.

Kukhu wangu ana presha. Kliniki walimwambia apunguze chumvi, naye ni mtu wa kutii. Aliacha kabisa kutia chumvi kwenye sukuma wiki. Badala yake, ili mboga isiwe maji matupu, akawa anatia kile kiungo cha mchuzi cha pakiti, kila siku, tena anakimimina. Kwenye orodha ya viungo ya pakiti ile, chumvi ndiyo ya kwanza. Na viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, kwa hivyo cha kwanza ndicho kilichojaa. Kukhu hakudanganywa na mtu yeyote. Hakuna aliyevunja sheria. Ila habari aliyoihitaji ilikuwa nyuma, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, naye anasoma Kiswahili na Lubukusu. Kama mbele pangekuwa na neno CHUMVI NYINGI, angejiamulia mwenyewe.

Kwa nini jambo hili liko mezani sasa

Uchunguzi mkubwa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa nchini mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na karibu mtu mmoja kati ya wanne ana presha. Wakati huo huo, uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Yaani tuna shida mbili katika nyumba moja: mtoto hajapata chakula cha kumkuza, na mama yake ana presha. Mwanasiasa akikuambia uchague moja, muulize anaijua nyumba ipi.

Na gharama hailipwi na mgonjwa peke yake. Kila anayelipwa mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na asiye na mshahara analipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Pesa hizo ndizo zinazotibu sukari, presha na figo. Kwa hivyo hata wewe usiyekunywa soda uko ndani ya mjadala huu.

Hoja utakazosikia

Nimezikusanya tano. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake.

Ya kwanza: "Serikali inataka kutupangia chakula."

Hoja hii ina uzito, tusiicheke. Serikali inayoingia jikoni mwako leo inaweza kuingia chumbani kesho. Lakini tuangalie alama inafanya nini. Haipandishi bei kama ushuru. Haifungi duka. Inakupa habari, halafu inakuachia mkono wako na pesa yako. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya kupata taarifa zinazomwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Tena serikali imo kwenye pakiti yako tangu zamani. Chumvi unayonunua lazima iwe na madini ya joto. Tangu 2012 unga wa mahindi na ngano wa viwandani na mafuta ya kupikia lazima viongezwe virutubishi. Hatukusema tumepangiwa chakula. Anayepinga alama kwa jina la uhuru aulizwe: uhuru wa kuchagua bila kujua ni uhuru gani?

Ya pili: "Watu wana njaa, nyinyi mnaleta mambo ya vibandiko."

Hii ndiyo inayopigiwa makofi, na ninaielewa. Mtu anayetafuta kilo mbili za unga hana wakati wa kusikia habari za mafuta yaliyoganda. Lakini kumbukeni unga wa ugali hauna sukari iliyoongezwa, wala maziwa mala, wala maharagwe, wala omena. Chile, ambayo nitaizungumzia sasa hivi, alama haiwekwi kwenye chakula ambacho hakikuongezwa sukari, chumvi wala mafuta. Alama haigusi chakula cha maskini. Inagusa kile kinachouzwa kwa maskini kwa jina la chakula: kinywaji cha rangi cha shilingi kumi kinachoitwa juisi. Mwenye pesa kidogo ndiye anayehitaji kujua zaidi anachonunua, kwa sababu hana ya kurudia.

Ya tatu: "Mnamuua mkulima wa miwa."

Hapa Bungoma hoja hii haitaki mchezo. Miwa ya Nzoia imesomesha watu wengi katika kaunti hii. Kwa hivyo tuiangalie vizuri. Kwanza, Kenya haizalishi sukari ya kuitosha, na pengo linazibwa na sukari kutoka nje. Pili, sehemu kubwa ya sukari nyeupe iliyosafishwa ya viwandani, ile inayotumiwa kutengeneza soda na peremende, huagizwa kutoka nje. Viwanda vyetu vya miwa vinatengeneza zaidi ile sukari ya nyumbani. Kwa hivyo soda ikipunguzwa sukari, wa kwanza kupungukiwa si lazima awe mkulima wa Bukembe. Kinachomuumiza mkulima wa miwa anakijua mwenyewe: malipo ya kuchelewa, miwa kukauka shambani, sukari ya magendo. Mtu ambaye hakuongea juu ya hayo, halafu leo analia kwa niaba ya mkulima kwa sababu ya alama kwenye biskuti, msikilize ukiwa umeshika mfuko.

Lakini nisiwadanganye. Kama siku moja watu watapunguza sukari sana, hata ya nyumbani, bei ya miwa inaweza kuguswa. Hiyo ni hoja ya kupanga mapema jinsi mkulima atakavyosaidiwa. Haitoshi kuwa sababu ya kumficha mnunuzi habari.

Ya nne: "Viwanda vitafungwa, kazi zitaisha."

Chile ilipitisha sheria yake mwaka 2012 na ikaanza kutumika Juni 2016. Alama yao ni nyeusi, ya pembe nane, kama ile ya "simama" barabarani, na imeandikwa "ina nyingi" ya kitu fulani: sukari, sodiamu, mafuta yaliyoganda au kalori. Walikaza viwango kwa awamu tatu, 2016, 2018 na 2019, ili viwanda vipate muda. Watafiti waliochunguza ajira na mishahara katika sekta ya chakula huko hawakuona hasara ya jumla. Walichoona ni kwamba viwanda vilibadilisha mapishi. Baada ya awamu ya kwanza, bidhaa zilizostahili alama zilishuka kutoka asilimia 51 hadi 44. Ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi ulishuka kwa karibu robo.

Hilo la kubadilisha mapishi ndilo watu wengi hawalioni. Alama haifanyi kazi kwa msomaji peke yake. Inafanya kazi kwa mwenye kiwanda, ambaye hataki kuivaa. Hata yule ambaye hatasoma kamwe anapata biskuti yenye chumvi iliyopungua.

Ya tano: "Watu hawasomi, haitasaidia."

Nusu ni kweli. Jedwali la nyuma watu hawalisomi, hiyo tumekubaliana. Ndiyo maana kuna ushindani wa aina za alama. Uingereza wanatumia rangi za taa za barabarani, na si lazima. Ufaransa wana herufi kutoka A hadi E. Chile, Peru, Mexico na wengine wa Amerika ya Kusini na ya Kati walichagua onyo lisilo na hesabu. Afrika Kusini mwaka 2023 ilichapisha rasimu ya kanuni yenye alama za pembetatu nyeusi. Mtu aliye na haraka anaelewa "CHUMVI NYINGI" upesi kuliko anavyoelewa rangi tatu zenye asilimia ndani.

Lakini hapa niwakosoe na wale wanaounga mkono, maana nao wanapenda kuongeza chumvi. Chile haijaponya kisukari kwa kibandiko. Unene haukuisha. Viwanda vingine vilitoa sukari vikaweka vitamu visivyo sukari, na mtoto akabaki na ulimi ule ule wa kupenda utamu. Na kusema chakula cha pakiti ni sumu si kweli. Maziwa ya pakiti ni chakula cha pakiti. Alama ni kifaa kimoja. Anayewauzia kama dawa ya kila kitu, na huyo mnunue kwa uangalifu.

Nani yuko mezani, nani yuko shambani

Sasa nije kwenye somo langu. Mwaka 1965 msomi mmoja wa Marekani, Mancur Olson, aliandika juu ya kitu ambacho mtakitambua mara moja. Jambo likiwagusa watu wachache kwa pesa nyingi, hao wachache watajipanga: wataajiri mawakili, watakodi hoteli, watahudhuria kila kikao. Jambo hilo hilo likiwagusa watu milioni nyingi, kila mmoja kidogo kidogo, hakuna atakayeacha shamba lake kwenda Nairobi. Si kwamba hawajali. Nauli peke yake inazidi faida ya mtu mmoja.

Tazameni tumbaku. Sheria ya kuidhibiti ilipitishwa 2007. Kanuni, pamoja na zile picha za onyo kwenye pakiti za sigara, zikatoka 2014. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ikaenda kortini. Ikashindwa kwa sehemu kubwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufaa 2017, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake Novemba 2019. Kutoka sheria hadi neno la mwisho ni miaka kumi na miwili. Kampuni ilikuwa na haki ya kwenda kortini, sisemi vingine. Nasema tu kwamba mwenye mfuko anaweza kungoja miaka kumi na miwili. Mwenye presha hawezi.

Na kanuni zina njia yake. Waziri anaziandika na kuzichapisha. Kwa Sheria ya Nyenzo za Kisheria ya 2013, lazima umma uulizwe, na lazima zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, zisipofikishwa, zinakufa. Bunge likitaka, linazifuta. Kwa hivyo mbunge anayekuambia, "Hayo ni ya wizara, mimi siwezi kitu," anajua kuna mlango hapo, ila hataki uuone.

Mambo ambayo Nairobi hawatayakumbuka

Kama hatutaongea, kanuni itaandikwa kwa ajili ya mtu anayesukuma kigari supamaketi. Maisha ya Ndalu ni mengine, na kuna mambo manne yanayotuhusu.

Kwanza, kadogo. Sisi tunanunua pakiti ndogo: majani ya chai ya shilingi kumi, krispi za shilingi kumi, kiungo cha mchuzi kidogo kama kidole. Sheria za alama huwa zinasamehe pakiti ndogo kwa sababu hazina nafasi. Zikisamehewa hapa, alama itamfikia mwenye gari na itampita mwenye kadogo.

Pili, vya kupimiwa. Mafuta ya kupikia yanatoka kwenye mtungi, biskuti zinatoka kwenye katoni zinauzwa moja moja. Pakiti yenye alama inabaki nyuma ya kaunta. Dada mmoja mwenye duka aliniuliza Jumamosi, "Basi mimi ndiye nitapigwa faini?" Swali zuri sana. Kanuni lazima iseme wazi kwamba jukumu ni la mtengenezaji na mwagizaji, impe mwenye duka muda wa kumaliza mali ya zamani, na imtake labda abandike karatasi moja tu ukutani. Msipolisema nyinyi, askari wa kanjo atalisema kwa njia yake.

Tatu, lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, Kifungu cha 7 cha Katiba. Pakiti za sigara zimekuwa na onyo kwa Kiswahili, kwa hivyo mashine zinajua kuchapisha Kiswahili. Onyo la Kiingereza peke yake kwenye pakiti inayouzwa sokoni Ndalu ni sawa na kumnong'oneza kiziwi.

Nne, watoto. Chile haikuishia kwenye pakiti. Bidhaa yenye alama haiuzwi shuleni, na haitangazwi kwa watoto. Hapa kwetu elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti. Leseni na udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula, vile vile, ni kazi ya kaunti, Jedwali la Nne la Katiba. Kwa hivyo kuhusu kinachouzwa langoni mwa chekechea, hatuhitaji kungoja Nairobi. Bunge la kaunti linaweza kuanza, na mwakilishi wadi wetu ana kiti huko.

Mzee mmoja aliuliza, "Na bidhaa za kutoka Uganda je?" Malaba si mbali na Lwakhakha iko karibu zaidi, biskuti zinavuka kila siku. Jibu ni kwamba nchi inaweza kuweka sharti kwa kila kinachouzwa ndani yake, cha humu na cha nje, mradi isibague. Lakini viwango vya jumuiya ya Afrika Mashariki vinatakiwa kuoanishwa, na mtu asiyetaka jambo anaweza kulificha humo miaka mingi akisema, "Tunangoja wenzetu." Mkisikia neno hilo, ulizeni wamewaandikia wenzetu barua lini.

Ukikutana na mgombea

Sikuambii umpigie nani kura. Nakupa maswali manne, uyabebe mfukoni.

Moja: unaunga mkono alama ya lazima, au ya hiari? Mtengenezaji atakayejibandika onyo kwa hiari sijamwona.

Mbili: viwango vya "nyingi" vitawekwa na nani, na wenye viwanda watakuwa na viti vingapi katika kikao hicho? Waulizwe maoni, sawa, ni haki yao. Lakini mwanafunzi hajisahihishii mtihani.

Tatu: itakuwa kwa Kiswahili, na itafika kwenye pakiti ya shilingi kumi?

Nne: mwenye duka dogo atalindwaje?

Mgombea akijibu yote manne, hata kama hamkubaliani, huyo amefikiri. Akikuambia tu "Nitalinda afya ya mama zetu" na kuomba makofi, umejua.

Na msingoje kampeni. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa haki hiyo hiyo kwa kaunti. Ombi si lazima liandikwe na wakili. Kikundi hiki kina katibu, kina muhuri, kina wanachama wenye vitambulisho. Kurasa mbili zinatosha: sisi ni nani, shida yetu ni nini, tunataka mfanye nini. Jumamosi tumekubaliana kuandika moja kwa bunge la kaunti juu ya vinywaji vinavyouzwa kwenye milango ya chekechea, na nyingine tuiweke tayari kwa siku ambayo kanuni za alama zitaletwa kwa umma kutoa maoni. Rasimu ya kwanza nitaiweka hapa ikikamilika, vikundi vingine viinakili na kubadilisha majina.

Mpaka alama ije, fanya hili moja: geuza pakiti, soma viungo vitatu vya kwanza. Ukikuta sukari au jamaa zake, glukosi, dekstrosi, maltosi, sharubati ya mahindi, hicho ni kitu cha sukari hata kama mbele kuna picha ya embe. Ukikuta chumvi ya kwanza, hicho ni chumvi iliyovaa nguo. Kisha ununue au uache, ni pesa yako.

Kama hukubaliani na mimi, karibu hapo chini, lete na sababu. Wenye duka, nataka kuwasikia zaidi nyinyi. Sehemu ijayo ni hoja nyingine inayopenda kurudi: pesa za basari, nani hugawa, kwa kipimo gani, na kwa nini orodha huwa haibandikwi ukutani.